Ua wa Mwalimu: misaiprasi iliyopogolewa kama chai

Katikati ya Julai 2023 nilipigiwa simu kutoka Tukuyu na mwalimu mstaafu ambaye nimemtunzia bustani mara kwa mara kwa miaka mingi. "Mwanangu, njoo utazame ua wangu," alisema. "Upande wa ndani uko kijani, upande wa barabarani ni kama umepitiwa na moto." Nikamwuliza kama kuna mtu aliyepuliza dawa ya magugu pembeni mwa njia. Hapana. Nikamwuliza ulikatwa lini. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Kabla ya Pasaka."

Hapo nikawa nimepata nusu ya habari. Nusu ya pili ilinichukua siku mbili za kupekua matawi, na ndiyo inayonifanya nikiandike kisa hiki kwa kirefu. Kila aliyeshika mkasi au kisu katika ua ule alikuwa anaijua kazi yake, na mkosaji wa kumnyooshea kidole sikumwona. Hata hivyo mita 34 za ua uliokuwa na umri wa miaka 36 ziliharibika kwa siku mbili.

Tuanze na mahali penyewe, maana mtu wa Iringa anaweza kukata ua wake mwezi Machi na asione madhara makubwa. Tukuyu hapasamehe hivyo. Ukitoka Uyole ukapanda hadi Isyonje, kisha ukaanza kuteremka kuelekea Kiwira, unafunga kioo cha gari bila kuambiwa. Upepo wa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, unapanda ule mteremko hadi Mlima Rungwe wenye mita zipatazo 2,960. Hewa iliyobeba maji ikipanda inapoa, na ikipoa inayamwaga. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Mbeya mjini, safari ya daladala isiyofika saa mbili, hupata kiasi cha nusu yake au pungufu. Machi na Aprili mvua iko kwenye kilele. Mei bado inanyesha. Juni inaingia baridi na manyunyu. Siku za kuanika nguo na kuondoka bila wasiwasi zinaanza Julai.

Kiswahili chetu kina neno moja, ukungu, kwa ile hali ya asubuhi inayofunika migomba usione jirani, na kwa ule uchafu wa kijivu unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Kwa mkata maua wa Tukuyu neno hilo halina maana mbili. Ukungu wa kwanza ndio unaomleta wa pili. Jani likikaa na maji juu yake kwa saa nyingi mfululizo, vimelea vya kuvu huota na kuingia ndani. Ugonjwa wa madoa meusi ya waridi, kwa mfano, unahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi. Iringa jua linaweza kulikausha jani kabla saa hizo hazijatimia. Tukuyu mwezi Aprili jani linaweza kukaa siku nzima bila kukauka. Kwa hiyo kabla sijatazama kichaka kimekuwa duara au mraba, mimi hujiuliza: maji yatatoka wapi, na upepo utapita wapi?

Ua wenyewe ulipandwa mwaka 1987 na marehemu mume wa Mwalimu, walipohamia nyumba ile. Alipanda misaiprasi, miti ambayo watu wengi huku huiita ya krismasi, kwa sababu inakua haraka, haipukutishi majani na ng'ombe wanaopita hawaitamani. Alikuwa akiukata mwenyewe kila mwaka mwishoni mwa Juni au mwanzo wa Julai, ncha tu, pande zote, upana wa vidole vitatu au vinne. Mwalimu ananiambia alikuwa na kamba na vijiti viwili, na kamba ya chini aliifunga nje zaidi kuliko ya juu. Kwa maneno mengine, alikuwa akiuchonga ua uwe mpana chini na mwembamba juu, kama ndoo iliyofudikizwa. Sijui nani alimfundisha, lakini alifundishwa vizuri. Umbo hilo linaruhusu mwanga ufike hadi majani ya chini kabisa, na mvua inapopiga inateremka kwa nje badala ya kujikusanya ndani.

Alifariki mwaka 2014. Kuanzia hapo ua ulikatwa na yeyote aliyepatikana, mwezi wowote, na mara nyingi juu tu, kwa sababu juu ndiko kulikokuwa kunaziba mwanga wa sebule. Msaiprasi ukiukata kilele unalipiza pembeni. Ncha ya tawi hutengeneza homoni inayoyazuia machipukizi ya nyuma yake yasiamke. Ukiondoa ncha, kizuizi kinaondoka, na yale ya pembeni yanakimbia. Kwa miaka tisa ua ule ulipanuka juu hadi ukazidi mita mbili kwa upana, na chini ukabaki mashina matupu. Ulikuwa kama mwavuli unaojitia kivuli miguuni. Ndani yake kulikuwa na giza na unyevu usiokauka, na majani yaliyokuwa hai yalibaki tabaka jembamba la nje, mahali pengine lisilofika kiganja kwa unene.

Hilo tabaka ndilo kiini cha kisa chote.

Machi 2023 Mwalimu alikuwa anajiandaa kwa sendofu ya binti yake wa mwisho, iliyopangwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10 Aprili. Ua ulikuwa umeegemea barabarani kiasi kwamba bodaboda mbili hazipishani, na majirani walishasema. Wageni wangekuja na magari. Akamwita kijana wa jirani, mpogoaji wa chai.

Nataka niseme neno kuhusu kijana huyu. Rungwe ni nchi ya chai. Ilipandwa kwa majaribio tangu mwaka 1904, enzi za Wajerumani, na leo mtoto wa Tukuyu anaujua mti wa chai kabla hajajua kusoma. Kupogoa chai ni ufundi wa kweli. Mti wa chai ukiachwa unakuwa mti mrefu. Unakaa kimo cha kiuno kwa sababu watu wanauzuia. Kila baada ya miaka mitatu, minne au mitano unakatwa hadi ubaki fremu ya matawi, bila jani karibu hata moja, na kila mzunguko unakatwa sentimita kama tano juu ya kovu la zamani. Kisu kinapita mara moja, mshazari, bila kuchana gome. Matawi yaliyokatwa yanafunikwa juu ya fremu ili jua lisiichome. Mtu asiyejua akipita anadhani shamba limeuawa. Miezi miwili baadaye linameremeta. Kijana alikuwa amelifanya hilo kwa misimu saba, na ana mkono mtulivu kuliko mafundi wengi wa bustani ninaowafahamu mjini.

Akaufanyia ua alivyoifanyia chai. Upande wote wa barabarani aliukata ukarudi ndani karibu sentimita 70, wima kama ukuta, hadi ikabaki fremu ya matawi ya kahawia. Siku mbili, chini ya manyunyu. Sehemu za chini zilizokuwa nene alitumia panga. Mwalimu alinionyesha picha alizopiga kwa simu, na kwa macho ya siku ile kazi ilikuwa safi: barabara imefunguka, mstari umenyooka. "Bibi, subiri miezi miwili," kijana alimwambia, "utaona linavyochipua."

Miezi miwili ikapita, kisha mitatu. Halikuchipua kitu.

Nilipofika, mawazo yangu ya kwanza hayakuwa sahihi, na nayaeleza kwa sababu wengi wangefika hapo hapo. Nilidhani ni wale wadudu wadogo wa kijivu wanaofyonza utomvu wa misaiprasi. Wadudu hao waligunduliwa Malawi mwaka 1986, na katika miaka michache wakaenea Afrika Mashariki. Nyua na mashamba mengi ya misaiprasi ya nyanda hizi za juu yalikauka. Wazee wa Mufindi wanaikumbuka miaka ile. Kwa hiyo nikiona msaiprasi wa kahawia, mkono unakwenda wenyewe kutafuta chawa. Nilifunua matawi kwa saa nzima. Wadudu wakiwapo, kwanza unaona majani yananata kama yamemwagiwa sukari, na juu ya huo utamu yanaota masizi meusi. Pia ukauaji wao una mabaka mabaka, mara nyingi ukianzia ndani. Ua huu haukuwa na masizi wala kunata. Na ukavu ulikuwa na mpaka ulionyooka kama rula: ulianzia pale kisu kilipoanzia na kuishia pale kilipoishia, upande wa barabara, kutoka kona hadi lango.

Mdudu hafuati kamba ya fundi.

Nikakwangua gome kwa ukucha kwenye matawi yaliyokatwa. Chini yake, katika mengi, palikuwa bado kijani na maji. Miti ilikuwa hai. Mizizi ilikuwa inafanya kazi, upande wa ndani majani yalikuwa mazuri. Ila kwenye yale matawi ya kahawia sikuona hata dalili ya jicho. Nikajua tatizo ni nini, na nikajua pia kwamba halina dawa.

Chai, kahawa, haibiskasi, waridi na miti mingi ya majani mapana hubeba macho yaliyolala chini ya gome, hata kwenye mbao ya miaka 20. Ukikata juu yake, yanaamka. Nguvu ya kuamka inatoka kwenye wanga uliohifadhiwa mizizini. Watu wa chai hupima kwa kuweka tone la ayodini kwenye kipande cha mzizi, na kikigeuka buluu inayokaribia nyeusi wanajua akiba ipo. Msaiprasi haukuumbwa hivyo. Uwezo wake wa kuchipua unaishi ndani ya sehemu za kijani tu. Ukikata ukabakiza kijani hata kidogo, itaendelea kutoka hapo. Ukivuka kijani ukaingia kwenye kahawia, mahali hapo patabaki pa kahawia maisha yote ya mti. Mbolea haitasaidia, maji hayatasaidia, na kuombea mvua ndiyo kabisa.

Nikamwomba Mwalimu amwite kijana. Alikuja kichwa kimeinama, akanipa shikamoo kwa sauti ya chini, maana alikuwa amesikia "mtaalamu wa Mbeya" amekuja. Nikamwonyesha tawi moja la ndani lililokuwa na kijani kwenye ncha na kahawia nyuma yake, nikamwuliza: kama hili lingekuwa chai, ungekata wapi? Akaonyesha pale pale alipokata. Nikamwambia kwa chai ungekuwa sawa kabisa. Kisha nikamwonyesha tawi la jirani lililowahi kuvunjika zamani, pengine lilipogongwa na gari, likabaki kisiki kikavu kisicho na chipukizi hata kimoja. Alikitazama kisiki kile kwa muda. "Kumbe mti huu haurudi nyuma," akasema. Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri kuliko hivyo.

Lakini nisingependa msomaji aondoke na wazo kwamba kosa lote lilitokea siku mbili za Machi. Nilipima unene wa tabaka la kijani upande wa ndani, ambao haukuguswa: sehemu nyingi sentimita nane hadi kumi na mbili. Hii ina maana kwamba hakuna fundi yeyote, mwezi wowote, kwa mkasi wowote, ambaye angeweza kuupunguza ua ule kwa sentimita 70 bila kuuvua nguo. Uamuzi huo ulishafanywa kimyakimya katika ile miaka tisa ya kukata juu tu. Marehemu alipokuwa anatoa vidole vitatu kila Julai, alikuwa anailinda nafasi ya kukata mwaka unaofuata. Walipoacha, nafasi ikafungwa. Kijana alifika mlango ukiwa umeshakomelewa.

Na mvua? Mvua haikuwa chanzo, ila iliongeza kidonda juu ya kidonda. Katika miti 57 niliyoihesabu, 11 ilikuwa na hali mbaya zaidi ya upara: utomvu ulikuwa unachuruzika kwenye mashina, gome limedidimia na kupasuka, na ukavu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye kata hadi kwenye shina lenyewe, hata upande wa ndani ulianza kufifia. Yote 11 ilikuwa pale panga lilipotumika. Kisu cha chai huacha uso laini. Panga, hata likiwa kali, linapiga na kuchana, na mchano ule unashika maji. Nilichokiona kilifanana na donda la saiprasi, ugonjwa wa kuvu unaoingia kupitia majeraha. Huo ndio ulioifanya Kenya iache kupanda aina ya saiprasi iitwayo makrokapa na kushika lusitanika, ambayo huvumilia zaidi. Kuvumilia hakumaanishi kinga. Jeraha lililochanika, wiki sita za mvua bila kukauka, na kisu kile kile kinachohama mti hadi mti bila kufutwa kwa spiriti: hata lusitanika inachoka.

Kuna jambo dogo jingine. Ncha za matawi mazito zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta, nyekundu, iliyobaki kwenye kopo la kupakia dirisha. Mwalimu ndiye aliyeagiza, kwa nia njema. Wengi tumelelewa tukiona hivyo, wengine hupaka kinyesi cha ng'ombe, wengine lami. Mmarekani Alex Shigo, aliyefanya kazi na idara ya misitu ya nchi yake, alitumia miaka mingi kupasua magogo na kuangalia ndani, akaonyesha kwamba rangi haizuii kuoza. Mti haufungi kidonda kama ngozi ya mtu. Unajenga ukuta wa ndani kuzunguka sehemu iliyoumia na kuitenga. Kazi yetu ni kukata nje kidogo ya ule mkunjo ulio kwenye shingo ya tawi, mahali ukuta huo unapojengeka, na kuacha hewa ikaushe. Nilipobandua rangi ile nyekundu kwa kisu, chini yake palikuwa na unyevu na harufu ya uvundo. Katika nchi kavu labda ingekuwa pambo lisilo na hasara.

Bustani iliyobaki naipitia haraka, maana ilijieleza yenyewe. Kijana alikuwa amekata kila kitu kwa siku zile mbili. Haibiskasi za pembeni mwa ngazi zilikatwa hadi gotini, na Julai zilikuwa zimejaa maua. Haibiskasi huchanua kwenye tawi jipya, kwa hiyo kukatwa kulizifaa. Miwaridi ilichipua nayo, lakini machipukizi mororo ya Aprili yalitoka yakakuta mvua, na madoa meusi yakayamaliza. Nilikuta vijiti vya miiba na majani ya njano chini. Nilifungua katikati ya kila kichaka, nikiondoa matawi yanayosuguana na kubakiza manne au matano yanayoelekea nje, nikafagia majani yote ya chini na kuyachoma. Upepo ukapita. Hilo peke yake lilisaidia kuliko dawa yoyote aliyokuwa ameshauriwa kununua.

Haidranjia zilimuuma Mwalimu kuliko ua. Zile za kando ya mlango wa jikoni zinatoa maua ya buluu iliyokolea, rangi ambayo udongo wetu wa volkano wenye uchachu unaitoa bure. Haidranjia za aina hii hutengeneza macho ya maua kwenye tawi la msimu uliopita. Zilikatwa chini, macho yote yakaenda na tawi, na mwaka ule hazikutoa hata ua moja. Mumewe ndiye aliyezileta. Nilimwambia zitarudi, akaitikia kwa kichwa bila kusema kitu.

Tukarudi kwenye ua. Nilimpa Mwalimu njia tatu. Ya kwanza, kuukubali upara wa upande wa barabara na kuulea upande wa ndani. Mapengo madogo yangefungwa kwa kuvuta matawi ya kijani kutoka pembeni na kuyafunga kwa kamba ya katani hadi yazoee. Ya pili, kung'oa wote na kuanza upya. Ya tatu, ambayo nilikuwa naitamani mimi, ni kuibakiza miti yenye afya kuanzia langoni hadi kona ya nyumba, kuing'oa ile 11 yenye donda pamoja na mingine 16 iliyokaa nayo upande wa chini wa mteremko, na mahali pake kupanda mti unaokubali kisu.

"Mti gani?" akauliza.

Nikasema chai.

Alikataa papo hapo. "Chai ni ya shambani, mwanangu. Nimesomesha watoto kwa chai, sasa niilaze na mlangoni?" Nilimwelewa. Kuna mtu anayetazama kichaka cha chai akaona mapambo, na kuna mtu anayekitazama akakumbuka kikapu mgongoni na koti lililolowa saa kumi na mbili asubuhi. Sikubishana naye. Nilimweleza tu hoja zangu: chai inapenda mvua inayozidi milimita 1,200, inataka udongo wenye uchachu, kati ya pH 4.5 na 5.5 hivi, na huo anao. Inavumilia kivuli kidogo. Majani yake ni mazito na yanang'aa mwaka mzima. Na ikikosewa kukatwa inasamehe. Juu ya yote, jirani yake ni bingwa wa kuikata. Wiki mbili baadaye alinipigia. Alikuwa amezungumza na binti yake. "Leta hiyo chai yako," akasema.

Hapo palikuwa na mtego mmoja ambao watu wa chai wanaujua na watu wa bustani hawaujui. Ukikata miti mikubwa ukaacha visiki ardhini, kuvu anayeitwa amilaria hula mizizi inayooza, kisha anatambaa hadi kwenye mizizi ya chai changa na kuiua. Wakulima wa chai wa Nyasaland na Afrika Mashariki walijifunza zamani kumenya gome la mti duara kama pete na kuuacha ufe ukiwa umesimama, ili wanga uishe mizizini kabla ya kuukata. Sisi hatukuwa na muda huo. Tuliamua kuchimba. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu kiasi, kijana na wenzake wawili walitoa visiki 27 na kila mzizi mnene kuliko kidole gumba. Ilikuwa kazi nzito kuliko zote katika kisa hiki, na Mwalimu aliwapikia kande na maharage kila siku mpaka ilipoisha. Mashimo yaliachwa wazi yapigwe na jua hadi mvua za kwanza.

Desemba 2023 tulipanda miche ya vipandikizi kutoka kitaluni, mistari miwili iliyopishana, sentimita 60 kati ya mche na mche. Mvua za msimu ule zilikuwa kali nchi nzima, na upande wa chini wa mteremko zilizoa udongo mara mbili. Tuliweka majani makavu ya migomba na kuchimba mtaro mdogo wa kuyapeleka maji barabarani. Miche sita ilikufa, tukaipandia mingine.

Misaiprasi iliyobaki, miti 30, tumeirudishia ndoo yake taratibu. Kila Julai upande wa ndani unapunguzwa upana wa vidole vitatu juu, chini haiguswi. Kazi inaanza saa tano asubuhi, ukungu ukishanyanyuka na majani yakishakauka, na panga halisogezwi karibu. Upande wa barabarani bado una upara, ingawa matawi tuliyoyavuta na kamba yamefunika pengo tano kati ya tisa.

Chai ilikatwa mara ya kwanza katika kipupwe cha 2024, ikiwa na miezi minane, kimo cha shibiri moja kutoka ardhini, ili itandaze matawi chini kabla ya kuruhusiwa kupanda. Mara ya pili ilikuwa Julai 2025, karibu dhiraa moja. Kijana ndiye aliyekata, nami nilikaa kwenye ngazi na Mwalimu tukiangalia. Alifunga kamba mbili kwenye vijiti, ya chini akaiweka nje zaidi. Sikumwagiza. Mwalimu alimtazama akikaza fundo la kamba ile ya chini, akaniambia kwamba Baba naye alikuwa anafunga hivyo hivyo, kisha akaingia ndani kuchemsha maji.

Pengo moja kubwa kuliko yote, lenye upana wa mlango, liko pale misaiprasi inapoishia na chai inapoanza. Nilipendekeza tulizibe kwa miche minne. Mwalimu amekataa, kwa sababu watoto wa jirani wameshaligeuza njia ya kuja kuchota maji kwake. Haidranjia zilichanua tena mwaka 2024, chache. Safari hii zimejaa.